Kilio Alichokifuta Shangazi

Jirani yangu hapa Laela anapaka rangi geti lake jipya. Amechanganya rangi ya mafuta na petroli ili iteleze vizuri, na upepo unaileta harufu yote mpaka ndani kwenye cherehani yangu. Mteja aliyekuja kuchukua sare ya mwanawe ameziba pua kwa kanga. Mimi nimeinua uso kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Harufu hiyo kwangu ni shangazi Leokadia, dada yake baba. Alikuwa nayo kwenye nywele, kwenye kanga, hata kwenye chapati alizotupikia. Kila ukucha wake ulikuwa na rangi yake: huu kijani, huu chungwa, huu mweusi wa lami. Nilipokuwa mdogo niliamini anapaka rangi za kucha kama mabibi harusi, nikawaambia wenzangu shuleni kwamba shangazi yangu ni tajiri, ana chupa za kila namna. Kumbe maskini alikuwa anakosa tu mafuta ya taa ya kunawia.

Alikuwa na kibanda cha mabati pale Katandala, mjini Sumbawanga, kando ya barabara. Alichora mabango. Vichwa vya saluni, gari la fundi gereji, chupa ya soda ya duka la jumla. Aliwachora hata marehemu, kutoka kwenye picha za vitambulisho ambazo familia zilimletea, na kila marehemu alimpunguzia mikunjo na kumwongezea tabasamu kidogo. Tabasamu lilikuwa ugonjwa wake. Mwenye bucha mmoja alirudi na bango lake kichwani.

"Dada Leo, ng'ombe wako anacheka."

"Ulitaka alie?"

"Nataka awe nyama! Wateja wanamwangalia hivi, wanamwonea huruma, wanaenda kununua dagaa."

Nyie wa rika langu mtayakumbuka mabanda ya video. La pale Katandala lilikuwa la Mzee Nassoro, mfanyabiashara wa vipuri, na shangazi ndiye aliyemchorea ubao wa nje wa kutangaza filamu ya siku hiyo. Mzee alimpa jina la filamu tu. Filamu yenyewe shangazi hakuwahi kuiona, kwa hiyo alichora anachokifikiria: simba, ajali ya basi, mwanamke amesimama juu ya paa kashika upanga. Watu walijaa. Kisha walitoka wamenuna.

"Leokadia," Mzee Nassoro akamjia kibandani, "watu wanataka hela yao. Wanauliza simba yuko wapi."

"Simba yuko ubaoni, mzee wangu."

"Basi mtafute umwingize ndani!"

Alikuwa anamtania, lakini shangazi hakulichukua kama utani. Kijana wa mzee, Hamdani, alikuwa na kamera ya kupigia picha za harusi. Shangazi akamshika mkono, wakaanza. Walitengeneza vichekesho vya mama mkwe na mwendesha bodaboda, vikaonyeshwa mle mle bandani, na kwa mara ya kwanza vilivyokuwa ubaoni vilikuwa ndani pia. Namna yake ya kuongoza ilikuwa ya mchoraji. Kila tukio alilichora kwanza nyuma ya mfuko wa saruji, akautundika ukutani, akarudi nyuma, akafumba jicho moja. Na waigizaji wake aliwaambia rangi. Hakusema kasirika, alisema nipe nyekundu.

Baadaye alitaka kutengeneza filamu ya kweli, ndefu, isiyochekesha. Hadithi yake ilikuwa fupi tu: mtoto anaishi na bibi yake, anaenda kuteka maji, anarudi na kukuta watu wamejaa uani. Mzee Nassoro aliangalia vipande vya mwanzo akaomba kuviona tena. Akasema ikikamilika ataipeleka mwenyewe Dar es Salaam kwa watu anaowajua wanaosambaza filamu. Shangazi alikuja kijijini kwetu, kata ya Mollo, nilikokaa na bibi, mama yake mzazi, akiwa nyuma ya bodaboda na mifuko yake ya saruji imekunjwa kwapani, anaimba. Mtoto wa kwenye hadithi nilikuwa mimi.

Alinichagua kwa sababu kila alipokuja nilikuwa namfuata kama mkia. Lakini alisahau jambo moja: mimi nilikuwa mtoto wa kucheka. Nilicheka kanisani, nilicheka nikichapwa, nilicheka katekista akipiga chafya. Kuteka maji niliteka vizuri, kutembea na ndoo nilitembea vizuri, Hamdani akawa ananiita staa. Tulipofika kwenye kulia, nikamtazama Hamdani amefumba jicho nyuma ya kamera na ulimi umetoka kidogo, nikaangua kicheko.

Tulikuwa ng'ambo ya bonde, kwenye mikaratusi, kwa sababu shangazi alipenda mwanga wa pale. Kilikuwa kipupwe, upepo unakata masikio, na chini bondeni kina mama walikuwa wanavuna ulezi. Walinipaka kitunguu. Wakanipaka dawa ya kuchua chini ya macho. Machozi yalitoka, lakini mdomo uliendelea kucheka.

"Sasa hapo unalia nyekundu," shangazi akasema, amechuchumaa mbele yangu. "Kama umekanyagwa na ng'ombe. Mimi nataka bluu, mama. Ya mtu asiyejua aende wapi."

"Shangazi, bluu ni sketi ya shule."

Hamdani akacheka, na mimi nikacheka zaidi. Jua lilikuwa linashuka. Shangazi akasimama, akaenda kando, akaweka simu sikioni. Akarudi na uso ambao sikuwa nimeuona. Akanishika mabega.

"Mama, sikiliza. Wamepiga simu. Bibi yako hatunaye."

Mpaka leo nikipiga pasi, mikono ikiwa inafanya kazi yenyewe, huwa narudi pale. Kama ningelia ile ya kitunguu vizuri. Kama ningeacha kumtazama Hamdani. Shangazi hakuwa mwongo. Nilimmalizia maneno yote ya kweli aliyokuwa nayo, akabaki na hilo moja.

Alidhani nitalia pale pale, mbele ya kamera, kisha ataniambia ni mchezo, atanipa soda. Sikulia. Nilikimbia. Nilifanya kile nilichoona wakubwa wanafanya: niliweka mikono kichwani, nikashuka bonde napiga yowe, namwita mama kwa lugha ya kwetu, "Mayo wee! Mayo! Bibi wee!"

Sasa kwetu, ukisikia yowe la namna ile huulizi ni nani. Kuuliza ni kama kusema unapima kwanza kama aliyekufa anastahili uende. Unaacha ulichoshika, unapitia nyumbani kuchota unga au kubeba kuni, unafuata sauti. Kina mama waliacha visu vya kuvunia ulezi vikiwa vimelala kwenye mabua. Mmoja akalipokea yowe, mwingine akalipokea, na mtu akamwahi katekista, naye akaligonga lile rimu la gari linalotumika kama kengele ya kigango, taratibu, mlio wa msiba. Nyuma yangu nilisikia shangazi anaita, "Rudi! Mwanangu, rudi!" Nikadhani ananionea huruma. Na nyuma yake Hamdani, ambaye mikono yake ilizoea kufuata maharusi, alikuwa anakimbia na kamera inawaka.

Kando yangu alitokea Mama Yustina. Nyumba yake ilipakana na ya bibi, na walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya mbuzi wa bibi walioingia kwenye maharage yake. Kijijini walimwita mkavu. Mvua zilizopita, binti yake Anna alifia Mpanda alikoolewa. Barabara ilikuwa imekatika, Mama Yustina akafika wameshazika. Alirudi, akaweka mzigo chini, kesho yake akaenda shambani. Hakuna aliyemsikia akitoa sauti. Mimi kwa akili yangu ya darasa la tatu nilijua msiba ni watu na sufuria, kwa hiyo huo wa Mpanda haukuwa msiba. Siku ile, huyo mkavu alinishika mkono akakimbia nami, na sauti iliyomtoka ilinitisha kuliko kifo chenyewe. Ilikuwa inatoka chini ya tumbo. Alijigonga kifua, akaanguka kwenye njia, akainuka, akashika tena mkono wangu.

Tulipokaribia nyumbani, mlango wa bibi ukafunguka.

Bibi alikuwa amesikia yowe na amesikia rimu. Kama mtu mwenye adabu zake alikuwa amejifunga kanga ya pili, amechota unga kwenye ungo, akatoka analia kwenda kumlilia mwenzake. Akatukuta tunaingia uani kwake, kijiji kizima.

"Jamani, ni nani?" akauliza katikati ya kilio. "Ni nani ametutoka?"

Nakumbuka unga ukimwagika kidogo kutoka kwenye ungo wake. Katekista, aliyekuwa mbele na rozari, akatoa kofia.

"Ni wewe, mama."

Bibi akajitazama miguu. Akatutazama. "Mimi?"

"Ndivyo tulivyosikia."

"Nani kasema?"

Watu wakanigeukia. Na mimi, ambaye nilikuwa nimeshamrukia bibi nimemkumbatia kiuno, nikanyoosha kidole bila hata kufikiri, kuelekea njiani alikokuwa anakuja shangazi, viatu mkononi, pumzi zimemwishia. "Shangazi." Neno moja. Shangazi akapiga magoti pale pale mbele ya watu wote, akiwa na mavumbi mpaka kwenye nyusi, mtu mzima mwenye kibanda chake mjini, akawa anasema, "Mama nisamehe, ilikuwa ya picha, mama nisamehe."

Bibi akautazama ungo wake. Kisha akasema, "Huu unga wote nitaupeleka wapi?"

Maana unga uliotolewa kwa ajili ya msiba haurudi ulikotoka. Akina mama wa kwetu wanasema ukiurudisha, msiba utarudi nao. Ikabidi upikwe. Jioni ile bibi yangu alikaa kwenye mkeka uani kwake akala ugali wa msiba wake mwenyewe, na baada ya tonge kadhaa akaanza kupata raha nao.

"Huu wa mahindi yaliyooza kaleta nani? Siku yenyewe asije."

Watu wakacheka, wengine machozi bado hayajakauka. Akamtafuta Mama Yustina kwa macho, akamkuta ukutani. "Na wewe! Mwaka mzima hunisalimii, leo umenililia mpaka umeanguka. Kumbe wanipenda, mwanamke. Si ungesema, hata mbuzi ningefunga." Mama Yustina alivuta kanga akafunika kichwa, akaondoka bila kula. Mimi nikafikiri anaona aibu kwa kugundulika kwamba anampenda bibi.

Kesho yake Hamdani alimwonyesha shangazi kilichomo kwenye kamera. Alimwita ndani, akasema kwa sauti ya chini, "Dada Leo, hii ni dhahabu. Hakuna mwigizaji nchi hii atakupa hii." Kwenye kioo kidogo niliwaona watu wakitiririka bondeni kutoka kwenye mashamba, unga ukipeperushwa na upepo, na katikati mtoto na mwanamke wameshikana mikono. Nilijiona nalia. Nilikuwa bluu. Filamu ilikuwa imepata mwisho wake, na Dar es Salaam ilikuwa inasubiri.

Shangazi aliichukua kamera akampelekea bibi, akapiga magoti tena, akamwomba ruhusa. Bibi aliangalia mpaka pale anapotoka mlangoni na ungo.

"Huyu bibi kizee anamlilia nani?"

"Hajui bado, mama."

"Ananipendeza. Mtumie." Akamrudishia kamera. "Lakini hapo nimekupa ya kwangu tu. Machozi ya hawa wengine si yangu. Nenda kaombe kwa wenyewe."

Basi tukazunguka, shangazi, Hamdani na mimi. Kila mlango shangazi alichuchumaa, akapiga makofi yale ya taratibu ya salamu, akaeleza, akawaonyesha. Wengi walicheka. Mmoja alitaka ajue kama ataonekana na meno. Katekista aliomba sehemu ya rimu irefushwe. Mimi nilikuwa narukaruka mbele, nimeshajiona mjini, jina langu kwenye ubao wa Mzee Nassoro.

Mama Yustina alikuwa anapepeta ulezi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta. Aliangalia kwenye kioo, akajiona anaanguka. Akaweka ungo chini.

"Hapana."

"Mama," shangazi akasema, "hutatajwa jina."

"Leokadia, hayo si ya mama yako. Mama yako namwonaje nimlilie vile, mtu wa mbuzi? Hayo ni ya Anna wangu." Alisema polepole, kama anayeelekeza njia. "Nilikaa nayo mvua zote. Nilipomsikia huyu mtoto yakatoka. Siwezi kukupa uende ukauze tiketi."

Shangazi hakumbishia. Alimgeukia Hamdani akanyoosha mkono. Hamdani akaikumbatia kamera. "Dada, tutamkata, tutambakiza mtoto." Lakini mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wa yule mama kwenye kila picha; huwezi kunitoa mimi ukamwacha yeye. "Lete," shangazi akasema. Akabonyeza mbele ya Mama Yustina, akamwonyesha kioo kikiwa kitupu.

Hapo ndipo mimi nilipofungua mdomo. Niliona ubao wenye jina langu ukifutika, nikamwona mwanamke mchoyo anayenyima hata machozi yaliyokwisha kumwagika. Nikapiga kelele, "Una roho mbaya! Ndiyo maana Anna alikukimbia!"

Nimezaa sasa. Nina binti. Nikimwona akivuka barabara kuu hapa Laela, mabasi ya Tunduma yakipita, hayo maneno hunirudia kwa sauti ile ile nyembamba, naona kinywa changu cha mtoto kinavyoyatoa. Mama Yustina alinitazama, si kwa hasira, akaingia ndani, akausukuma mlango taratibu kama ndani kuna mtu amelala.

Shangazi hakunipiga. Alinibeba mgongoni, mkubwa vile, mpaka kwa bibi. Nilimwambia nitaomba radhi. Akasema, "Yale maneno ni yangu, mama. Mimi ndiye niliyekufundisha kuchezea msiba." Nikasema hapana, mimi ndiye niliyecheka. Tukaenda hivyo njia nzima, kila mmoja anamnyang'anya mwenzake kosa.

Filamu ile haikukamilika. Mzee Nassoro alisema rudieni tu hapo mwisho, shangazi akamuuliza, "Nani atalia?" Katika kijiji kile hakuthubutu kumwomba mtu tena, na mimi mbele ya kamera nilikuwa nimekauka, sicheki wala silii. Alirudi kwenye vichekesho na mabango. Leo ana studio yake mjini, vijana wanakuja kujifunza, filamu zake watu wanaziangalia kwenye simu mpaka Mbeya. Kabla ya kuwasha kamera anasimama mbele ya watu wote na kutangaza kwa sauti kwamba huu ni mchezo. Wakimuuliza mbona filamu zake hazina msiba hata mmoja, anasema hana bajeti ya kulisha wafiwa. Wanacheka. Mimi sicheki hapo. Najua kuna picha moja aliyoitaka maishani, na najua ni nani alikuwa na mdomo wa kucheka siku ya kulia, na wa kusema siku ya kunyamaza.

Bibi tulimzika mwaka juzi. Mama Yustina alikuja, tukasalimiana, watu walikuwa wengi, nikapata sababu ya kutosema lolote. Nilikuwa na sababu za namna hiyo miaka yote.

Mwezi huu aliingia hapa kwangu, peke yake, na gauni la sare ya kina mama wa kanisa linalohitaji kupunguzwa. Amekonda. Nilichuchumaa, nikapiga makofi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unashona vizuri, nasikia." Akakaa kwenye benchi, mimi nikarudi kwenye cherehani, akatazama nje. "Hivi ile picha ya shangazi yako, mwisho wake ulikuwaje?"

Mguu wangu ukasimama kwenye pedali. "Haikuisha, mama. Aliifuta."

"Si aliifutia mlangoni kwangu? Nauliza hadithi. Mtoto karudi na ndoo, kakuta watu. Halafu?"

"Mama, siku ile mimi nilikutamkia..."

"Nimekuuliza, halafu?"

Sikujua. Shangazi hakuwahi kuniambia, na mimi, niliyewahi kuota kila kitu, sikuwahi kuota hapo. Ikabidi nitunge, natazama sindano.

"Halafu wakamwosha uso. Akalala. Asubuhi akaamka, akachukua ndoo akaenda tena kisimani, kwa sababu yale maji ya jana yalimwagika."

"Peke yake?"

"Hapana," nikasema. "Jirani alikwenda naye."

Alikaa akilifikiria hilo, mikono juu ya magoti. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayeonja mboga na kukuta chumvi imetosha.

"Mwambie Leokadia aje na kamera yake," akasema. "Huyo jirani nitakuwa mimi."

Nikakanyaga pedali, mshono ukaenda upande, ikabidi nifumue.